Akili Nyingi na Upumbavu Katika Kichwa Kimoja

Tumezoea kuwagawa watu tangu wakiwa wadogo, huyu ana akili, yule kichwa chake kizito, na mgawanyo huo tunauchukulia kana kwamba ni wa maisha. Mimi naona ni hukumu ya haraka mno, na anayenifanya niwaze hivyo ni Linus Pauling, mwanakemia wa Marekani.

Mwaka 1948, akiwa Oxford, Pauling aliugua, na akiwa kitandani akachora mnyororo wa protini kwenye karatasi, kisha akaikunja ile karatasi mpaka umbo la msokoto likajitokeza. Kipimo kimoja kilichotokana na picha za eksirei hakikuafikiana na umbo lile, naye hakulitangaza. Alisubiri, akachunguza tena na tena, hadi yeye na wenzake walipolichapisha mwaka 1951. Lilikuwa sahihi. Chini ya miaka miwili baadaye, Februari 1953, mtu huyohuyo alichapisha muundo wa DNA, molekuli inayobeba urithi wa viumbe, wenye nyuzi tatu, fosfeti (vikundi vya fosforasi na oksijeni vinavyounganisha kila uzi) zikiwa katikati na bado zimeshikilia hidrojeni zake, ilhali DNA ni asidi, na asidi huachia hidrojeni hizo ndani ya maji. Kosa hilo la msingi lilitoka kwa mtu ambaye wanafunzi walijifunza kemia kwa kitabu chake. Aprili mwaka uleule, wanasayansi Watson na Crick wakachapisha muundo wa nyuzi mbili, ambao ndio ulio sahihi.

Ubongo wa Pauling haukubadilika katika muda ule mfupi. Safari hii alifanya haraka, picha alizozitegemea hazikuwa nzuri, na nadhani ushindi wa awali ulikuwa umemfundisha kuiamini hisia yake kuliko kipimo kinachompinga. Mwanasayansi Isaac Newton naye, pamoja na hesabu zake zote, alipoteza fedha nyingi katika hisa za kampuni ya Kiingereza ya South Sea mwaka 1720.

Wapo watakaosema kuwa kumbukumbu na mafunzo hudumu, nami sikatai, kwani Pauling alikuwa navyo mara zote mbili. Ninachokiona ni kwamba hazina hiyo huzaa busara pale tu mwenye nayo anapokuwa na utulivu, muda, na utayari wa kupingwa, na mambo hayo matatu huja na kuondoka. Hata kukosa usingizi hupunguza uangalifu wa mtu hodari kabisa.

Linaloniuma zaidi ni upande wa pili. Pauling alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1954, na kosa lake likahesabiwa kuwa tukio lililopita, jambo ambalo naliona ni la haki. Mtoto aliyeingia kwenye mtihani akiwa na njaa, au hofu, au akiwa hakulala usiku kucha, hapewi nafasi hiyo. Jibu lake baya la asubuhi moja huandikwa kama tabia yake, na mara nyingi yeye mwenyewe ndiye wa kwanza kuliamini.