Ua la gugumaji ndani ya ushanga wa kioo: nilipofikia katika ushanga wa 31

Ushanga wa 31 umetoka tanurini leo alfajiri, na kwa mara ya kwanza tangu nianze mradi huu nimemwekea jirani ushanga mkononi bila kumwambia chochote, naye akataja mwenyewe kwamba ndani yake mna ua la gugumaji. Una urefu wa milimita 19 na umbo la yai. Ninaandika kumbukumbu hii leo kabla mkono haujasahau ulichokifanya, kwa sababu shanga 30 zilizotangulia ziliharibika kila moja kwa namna yake, na nisingependa kuyarudia makosa yale yale.

Wengi wameniuliza kwa nini sikuchagua waridi au yungiyungi, ambayo kila mtu anayapenda. Ninaishi Nyegezi, Mwanza, karibu na maji, na ua ninaloliona mara nyingi kuliko yote ni hili ambalo upepo hulisukuma hadi ufukweni likiwa juu ya visiwa vya kijani vinavyoelea. Mmea wenyewe una asili ya Amerika ya Kusini, na katika Ziwa Victoria ulianza kuonekana mwishoni mwa miaka ya 1980. Siku moja nilikuwa nachuma maua machache upande wa Luchelele nikakutana na mzee mvuvi anayetengeneza nyavu. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akauliza, “Hilo ua unalipeleka wapi, mwanangu?” Nilipomweleza alinyamaza kidogo. “Hilo limetutesa sana sisi. Limeziba mialo, limetukunjia nyavu. Lakini kama unalitengeneza, mwanangu, usilisahau lile jicho lake.”

Neno hilo la jicho ndilo nililolishika hadi leo. Ua la gugumaji lina petali sita za zambarau iliyopauka, nyembamba kiasi kwamba mishipa yake huonekana zikielekezwa kwenye mwanga. Petali tano zinafanana, lakini ile ya juu ni pana zaidi na katikati yake kuna doa la buluu iliyokolea, na ndani ya buluu hiyo kuna alama ya manjano, kama jicho la unyoya wa tausi. Ukichuma ua asubuhi, kesho yake limekwisha kunyauka, kwa hiyo ninapofanya kazi lazima ua bichi liwe kwenye bilauri ya maji mbele yangu. Picha ya simu hailisaidii jicho hilo, kwa maana huigeuza buluu yote kuwa zambarau.

Kwa asiyeifahamu kazi hii, ushanga wa aina hii huzungushwa kwenye fito ya chuma cha pua iliyochovywa katika tope la kaolini, udongo mweupe laini, ili kioo kisigande kwenye fito kikishapoa. Fito zangu ni zile za milimita 2.4 ambazo mafundi wa kuchomelea hutumia; fundi mmoja wa Nyakato alinikatia vipande vya sentimita 25. Ndiye pia aliyenipa kipande cha tangsteni, nikakinoa kikawa sindano yangu ya kuchorea, kwa kuwa metali hiyo huvumilia moto bila kulainika. Ninayeyusha vijiti vya kioo kwa gesi ya kupikia iliyochanganywa na oksijeni, nikiwa nimevaa miwani ya didimiamu, ambayo huzuia ule mwanga wa manjano wa sodiamu unaofunika kila kitu kioo kinapopata moto. Bila miwani hiyo hakuna ua, kwa sababu huwezi kuona unapoweka nukta. Kazi huanza saa kumi na moja alfajiri na kukoma saa tatu asubuhi, kabla upepo wa ziwani haujaanza kuuyumbisha moto.

Shanga tisa za mwanzo sitazieleza sana. Nilipanga nukta sita zilizolingana kwa duara, nikaziyeyusha zikalala, nikapata ua la vitambaa vya meza.

Kosa kubwa lilikuwa kati ya ushanga wa 10 na wa 17. Vijiti vyangu vya rangi vinatoka Murano, Italia, na kwa kuwa vijiti vya rangi ya maji, yaani visivyo na rangi, vilikuwa vimeniishia, nilivunja chupa zisizo na rangi, nikaziosha vizuri, nikavuta vijiti vyangu mwenyewe na kuyavika maua kwa kioo hicho. Shanga zote nane zilipasuka, nyingine siku ya pili, moja baada ya wiki nzima ikiwa kabatini. Sababu ni kutanuka. Kioo cha Murano hutajwa kwa namba 104, maana yake kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi hutanuka sehemu 104 katika milioni kumi za urefu wake, ilhali kioo cha chupa hubaki chini ya 90. Vikipoa pamoja, kimoja husinyaa zaidi ya mwenzake, na hapo mivutano hujijenga ndani kwa ndani hadi kioo kishindwe. Kioo cha chupa si kibaya; ushanga wote ukitoka kwenye chupa moja utadumu. Ubaya ni kuvichanganya.

Kuanzia ushanga wa 18 nilihangaika na zambarau. Zambarau angavu, yaani inayopitisha mwanga, ikiwa nene huonekana nyeusi kabisa. Sasa ninaweka kwanza nukta ndogo ya kioo cheupe kizito kama maziwa, naibana iwe bapa, kisha juu yake naweka zambarau angavu iliyovutwa kuwa uzi mwembamba usiozidi milimita moja na nusu. Weupe ulio chini hurudisha mwanga, rangi inapauka, na pembezoni mwa petali huwa nyepesi kuliko katikati, kama ilivyo kwenye ua lenyewe. Halafu, kioo kikiwa kimeanza kuganda, naivuta sindano ya tangsteni kutoka ukingoni kuelekea moyo wa ua, mara tatu kwa kila petali, na mikwaruzo hiyo ndiyo inayoonekana kama mishipa.

Jicho lilinichukua shanga saba. Nilikuwa nikipandanisha nukta, zambarau, buluu, kisha manjano, na kila nilipoziyeyusha ile ya juu ilizisukuma za chini zikawa miduara mitatu iliyonyooka, jicho la mbuzi badala ya jicho la ua. Katika ushanga wa 27 niliacha kupandanisha. Nilizifunika kwanza petali kwa utando mwembamba wa kioo cha rangi ya maji, nikachora buluu juu ya utando huo kwa uzi wa kioo, mistari mifupi inayotawanyika kutoka kati, kisha nikagusa manjano mara moja tu, kama tone la chozi lenye ncha inayotazama chini. Baada ya hapo ndipo ukafuata mfuniko mnene. Kwa kuwa buluu na manjano zimelala juu ya petali badala ya kuzama ndani yake, na mfuniko wa mviringo hukuza kama lenzi, jicho linaonekana linaelea. Niliutazama ushanga ule kwa muda mrefu sana.

Mfuniko nao una adabu yake. Kioo cha kufunikia kiwe moto sana, na ushanga wenyewe uwe mgumu kiasi, la sivyo petali huteleza pamoja na kioo kipya. Kijiti hupanguswa kwa spiriti kabla ya kuingia motoni, na hukaa mbali na mdomo wa kichomeo, kwa maana kikichemka hutoa vipovu na ukungu. Katikati ya ua ninaweka tone moja na kulibonyeza kwa sindano. Petali huzama kuelekea moyoni, nalo ua hupata umbo la tarumbeta.

Ushanga wa 29 ulikuwa mzuri, lakini umeme ulikatika ukiwa tanurini, ukapoa kwa haraka na kupata ufa uliopita katikati ya jicho. Sasa tanuri linatumia betri ya akiba. Ninaliweka kwenye nyuzi 510 kwa saa moja, kisha linashuka polepole hadi chini ya 400 kabla sijalizima, na silifungui mpaka asubuhi.

Katika ushanga wa 31 bado petali mbili za chini zimekaribiana mno, na stameni, vile vijiti vya katikati vinavyobeba chavua, sijazigusa kabisa. Ua halisi lina stameni sita, tatu ndefu na tatu fupi, na nimeshavuta uzi wa rangi ya pembe za ndovu unaokaribia unene wa unywele. Vijiti vya rangi ya maji vimebaki vinne, vinavyotosha shanga tatu au nne. Kesho nitashuka Luchelele mapema kuchuma ua jingine, na ushanga huu nitakwenda nao, kwa sababu mzee hajauona.