Saa 8 za Tennessee Promise na mahali vijana wetu wanapoteleza

Ukisikia "saa nane" usidhani ni saa nane mchana. Ni saa 8 za kazi ya kujitolea ambazo mwanafunzi wa Tennessee Promise, mpango wa jimbo la Tennessee, Marekani, wa kulipia ada za chuo, anadaiwa kila muhula ili jimbo liendelee kumlipia. Ukifikisha mihula mitano inayoweza kulipiwa kwenye chuo cha miaka miwili, jumla yake ni saa 40, kiasi anachofikisha mfungaji wa maboksi ghalani kwa wiki moja. Kazi yenyewe ni nyepesi. Kinachowatoa watu kwenye mpango ni tarehe, barua pepe na fomu.

Sheria ilipitishwa mwaka 2014, enzi za Gavana Bill Haslam, na wanafunzi wa kwanza wakaingia vyuoni vuli ya 2015. Mzizi wake ni wa zamani kidogo: mwaka 2008 ulianza mradi mdogo wa kaunti ya Knox uitwao knoxAchieves, ukakua ukawa tnAchieves, shirika ambalo hadi leo linasimamia wanafunzi wa kaunti nyingi za jimbo. Kwa hiyo familia za Warundi na Wakongo zilizopo Knoxville zinaishi pale pale mpango ulipozaliwa. Wazee waliotoka Kongo huuliza kama hii ni salongo, ile kazi ya jamii ya lazima ya kwao. Zinafanana kwa jina la kujitolea lililobeba ulazima ndani yake, ila hapa hakuna mtu wa kupiga filimbi Jumamosi asubuhi na kuita majina. Usipokwenda, hakuna atakayekugongea mlango. Utajua ukienda kujisajili na kukuta bili.

Kabla ya saa, tuzungumze pesa, maana wengi hawaambiwi hili wazi. Tennessee Promise hulipa pengo tu. Kwanza huhesabiwa Pell, ambayo ni ruzuku ya serikali kuu kwa familia zenye kipato kidogo, pamoja na misaada ya jimbo kama ufadhili uitwao HOPE. Kinachobaki kwenye ada ndicho Promise inachokilipa. Vitabu, zana za ufundi, nauli na chakula havimo. Sasa angalia hesabu: Pell kamili ya mwaka wa masomo 2024–25 ilikuwa dola 7,395, na ada ya chuo cha jamii (community college, chuo cha umma cha miaka miwili) Tennessee iko chini ya hapo. Kijana wa familia ya wakimbizi anayepata Pell yote ameshamaliza ada, na Promise inamwekea dola 0. Anafanya saa 8 zile zile kama mtoto wa daktari anayelipiwa ada yote. Kwangu mimi huo si mgawanyo wa haki, na sioni sababu ya kuwaficha wazazi.

Hata hivyo, usiache. Pell hufuata kipato cha familia. Baba akipata kazi ya zamu mbili au dada mkubwa akihama nyumbani, mwaka ujao Pell inaweza kupungua, na hapo ndipo Promise inaanza kulipa. Ukishatoka, huwezi kujaza tu fomu upya na kurudi. Saa 8 ni bima ya bei rahisi.

Mlango wa kuingilia ni mmoja: mwaka wa mwisho wa sekondari. Maombi hufungwa tarehe 1 Novemba. Halafu kuna FAFSA, fomu ya serikali kuu ya kuomba msaada wa masomo, ambayo tarehe yake hubadilika mwaka hadi mwaka, na mkutano wa lazima. Chuoni unatakiwa kusoma muda wote, yaani krediti 12 au zaidi kwa muhula, bila kukatisha, na kubaki na wastani wa alama (GPA) wa 2.0. Kuhusu uhamiaji, kinachotazamwa ni kile kile cha FAFSA: raia, mwenye grinikadi, au aliyepokewa rasmi kama mkimbizi au kupewa hifadhi. Ambaye kesi yake ya hifadhi bado haijaamuliwa hapiti hapa.

Saa za kwanza zinawashangaza watu kwa sababu zinadaiwa kabla hujaingia darasani. Za muhula wa vuli kwa kawaida huwa zimeshatumwa ifikapo tarehe 1 Julai, wiki chache tu baada ya mahafali ya sekondari. Kijana anaona likizo imeanza, kumbe saa inakimbia. Na hapo kuna mtego ambao sijui kwa nini shule hazisemi kwa sauti: wengi walijiandikisha kwa barua pepe ya shule, na shule huzifunga akaunti hizo baada ya wanafunzi kuhitimu. Kila kikumbusho kinaenda kwenye sanduku ambalo hakuna tena wa kulifungua. Badilisha anwani mwezi Aprili, ukiwa bado unaweza kuingia kwenye akaunti.

Kazi gani inahesabiwa? Isiwe ya malipo, inufaishe jamii, na isiwe ya ndugu zako. Kuchambua makopo kwenye benki ya chakula, kusaidia duka la Habitat, shirika la kujenga nyumba za watu wenye kipato kidogo, kufundisha watoto hesabu baada ya shule, kuokota taka kwenye bustani ya umma. Zamu za benki ya chakula mara nyingi ni za saa 2 au 3, kwa hiyo panga zamu 3 au 4 na uongeze moja ya akiba, kwa sababu zamu huahirishwa. Kama hujatimiza miaka 18, uliza mapema kuhusu umri: kazi za ghalani na za ujenzi zina masharti yake, na karatasi ya ruhusa ya mzazi usiitafute asubuhi ya siku yenyewe.

Watoto wetu wana ujuzi mmoja ambao wengine hawana, nao ni kutafsiri. Kumsomea mama barua ya bima ni wema, lakini ni kazi ya nyumbani, haihesabiwi. Kazi hiyo hiyo ukiifanya kwa ajili ya jumuiya iliyosajiliwa, kwa mfano kukaa mezani siku ya kuandikisha watoto shule na kuwaeleza wageni fomu kwa Kiswahili au Kirundi, ina shirika na ina msimamizi. Jihadhari na hospitali: sheria ya serikali kuu haiziruhusu kumtegemea mtoto kuwa mkalimani, isipokuwa dharura. Usijitolee huko ukiwa na miaka 17.

Kanisani au msikitini, tenganisha ibada na huduma. Kuimba kwaya usiweke kwenye fomu. Kugawa chakula kwa majirani au kufundisha watoto kusoma ni kazi, na kiongozi wa huduma hiyo, asiye mjomba wako, ndiye atakayethibitisha.

Sasa karatasi. Siku hiyo hiyo ya kazi, kabla hujapanda basi, andika kwenye simu jina la shirika, tarehe, muda ulioanza na kumaliza, ulichofanya kwa sentensi mbili, jina la msimamizi na namna ya kumpata. Kisha jaza fomu ya mtandaoni jioni ile. Anayesubiri wiki ya mwisho hukuta msimamizi ameacha kazi au hamkumbuki. Piga picha ukurasa wa mwisho unaoonyesha fomu imepokelewa. Na majina! Jina la I-94 (hati ya kuingia Marekani), la shule na la FAFSA yakipishana mpangilio, rekodi hazikutani. Chagua mpangilio mmoja, ule wa hati ya serikali, na uutumie kila mahali.

Wanaosoma ufundi kwenye TCAT, vyuo vya ufundi vya jimbo, wakumbuke kwamba mwaka wao una mihula mitatu, hivyo saa ni 24 kwa mwaka na tarehe zao si za rafiki aliyeko chuo cha jamii. Usinakili kalenda ya mwenzako.

Ukiugua au kukiwa na msiba mzito, omba likizo rasmi kupitia chuo kabla ya kuacha masomo. Kuna nafasi ya likizo ya kiafya au ya sababu binafsi, na kuna rufaa, ila rufaa ya "nilisahau" haina miguu. Ukipoteza Promise, Pell haiondoki nayo, kwa sababu Pell haina sharti la kujitolea. Usimruhusu mtu akuambie uache chuo kwa sababu ya saa 8.

Na mzazi anayesoma hapa akitamani naye kurudi darasani, mpango wa watu wazima unaitwa Tennessee Reconnect. Unakubali kusoma nusu, krediti 6 kwa muhula, nao haudai saa za kujitolea.