Duara la LH

Siku ile nilikuwa na duara moja tu la fedha mezani, lenye herufi LH. Lilikuwa nakala ya kipande cha pete ya Alhstan, ile ya dhahabu iliyookotwa Llysfaen, Wales, mwaka 1753, ambayo leo imo katika Makumbusho ya Victoria and Albert, London. Ni kazi ya karne ya 9: maduara manne na vipande vinne vya umbo la almasi vikipokezana, na jina limegawanywa herufi mbilimbili kwenye maduara, likitanguliwa na msalaba. Wengi humhesabu Alhstan huyo kuwa askofu wa Sherborne aliyefariki 867, ingawa pete inataja jina tu, cheo haikitaji.

Weusi wake ni nielo, mchanganyiko mweusi wa metali na salfa unaojazwa kwenye michoro. Nilifuata kipimo cha Benvenuto Cellini, sonara wa Firenze wa karne ya 16: fedha sehemu 1, shaba 2, risasi 3, ziyeyushwe kisha zimiminwe kwenye salfa. Moshi wake unakaba koo, kwa hiyo madirisha yawe wazi. Donge likipoa linatwangwa, linaoshwa, linatiwa tinkali (boraksi), halafu linajazwa kwenye michoro hadi lipite ukingo, maana likiyeyuka linashuka.

Nikapasha moto kwa chini. Ikatiririka vizuri, ila pembe moja ya H ikabaki kavu, nami nikaongeza moto ili ijae. Hapo ndipo nilipoharibu: risasi ikizidishiwa joto huila fedha. Nilipopiga tupa, mguu wa L ulikuwa umeliwa nusu na uso umejaa vitundu.

"Umechanganya zama, kijana," fundi wangu akasema. Masonara wa Uingereza wa karne ya 9 hawakutia risasi. Mara nyingi walitumia fedha na salfa tupu, kitu kisichotiririka. Hulainika tu, nao wakaisindilia kidogo kidogo.

Nikamuuliza kama askofu alipiga muhuri kwa pete hiyo. Swali halikuwa la kipuuzi. Mtaguso (mkutano wa maaskofu) wa Toledo, Hispania, mwaka 633, uliagiza askofu aliyevuliwa cheo kwa uonevu arudishiwe mbele ya altare stola (ukanda mrefu wa mabegani), pete na fimbo. Padre alirudishiwa stola na kasula (vazi la juu la misa) tu. Isidoro wa Sevilla, aliyeuongoza mtaguso huo, alieleza kuwa pete ni alama ya heshima au muhuri wa kufungia mambo ya siri.

Fundi hakujibu. Alichukua duara langu akaligandamiza kwenye nta. Nielo iliyosuguliwa ikalingana na fedha haiachi alama, na H haikuonekana kabisa. Vilivyotokea ni vitundu vyangu, na kovu la mguu wa L.