Siku Nzima Juu ya Mashua, Lamu

Jumamosi iliyopita niliondoka gati la Lamu kwa mashua ya tanga kuelekea Takwa, magofu ya mji wa Waswahili katika kisiwa cha Manda ambao wakazi wake waliuhama katika karne ya 17, na hadi leo nafsi yangu bado imetulia. Nahodha alitaka tusubiri maji yajae, kwa sababu mkono wa bahari unaopenya mikoko hadi karibu na magofu haupitiki vizuri maji yakipwa. Mimi niliyezoea kuhesabu kungoja kuwa hasara nilikaa zaidi ya saa moja nikitazama maji yakipanda taratibu juu ya mizizi, kaa wadogo wakikwea mbele yake, wala sikukumbuka kutoa simu mfukoni.

Upepo wa kusi uliposhika tanga, baharia kijana alitoka akakalia ubao uliotokeza nje ya ubavu, ili uzito wake uzuie chombo kisilale. "Shika kamba hii, mwanangu, uisikie," nahodha akaniambia, nami nikaihisi demani, kamba hiyo ya kuongozea tanga, ikitetemeka kiganjani kama kitu chenye uhai.

Takwa tulikaa kidogo tu, tukautazama msikiti wa Ijumaa wenye nguzo iliyosimama juu ya ukuta wa kibla. Safari yenyewe ndiyo iliyonivuta zaidi. Tulirejea magharibi ikikaribia, adhana zikitufikia majini kabla hatujaziona taa za mji, na kabla ya kushuka nilikuwa nimekwisha kumwomba nahodha anipeleke Matondoni, wanakounda vyombo hivi.