Kaseti ya Pwagu na Pwaguzi ikikufikia ughaibuni

Ndugu zangu mlioko Ulaya na Marekani, kila likizo kuna sanduku linalokuja na kaseti za Redio Tanzania Dar es Salaam: Pwagu na Pwaguzi, Mzee Jangala, na michezo mingine iliyokuwa ikivunja mbavu nyumba nzima. Kaseti aliyorekodi mzee sebuleni huenda haina nakala nyingine popote. Usiijaribu ovyo kwenye redio ya kwanza unayoiona.

Mashine za ukaguzi za uwanja wa ndege hazifuti kaseti. Cha kuogopa ni jasho: kaseti iliyopoa ikiingizwa ghafla kwenye nyumba yenye joto hushika unyevu. Iache kwenye mfuko uliofungwa kwa siku nzima. Kisha vunja vile vijipande viwili vya plastiki mgongoni, asije mtu akarekodi juu yake. Chungulia mdomoni: kuna kipande kidogo cha sponji kinachoukandamiza utepe kwenye hedi, yaani kile kichwa cha chuma ndani ya mashine kinachosoma utepe. Gundi yake huzeeka, na kikidondoka sauti hufifia na kuyumba. Zungusha utepe kwa kalamu ya Bic kwenye tundu la kaseti. Ikiwa nzito, usiilazimishe. Ikizunguka vizuri, ipeleke mbele hadi mwisho na uirudishe. Kaseti za dakika 120 zihurumie zaidi, kwa sababu utepe wake ni mwembamba na ndizo mashine hupenda kuzimeza.

Hedi ifute kwa pamba yenye spiriti ya asilimia 90 au zaidi. Dolby, ile swichi ya kupunguza mvumo wa utepe, izime, maana redio kaseti nyingi za nyumbani hazikuwa nayo, na ukiiwasha sauti itazibwa. Halafu ije kazi ambayo wengi huiruka. Pembeni ya hedi kuna skurubu ndogo. Hedi ya redio iliyorekodi ilikuwa imeinama kwa namna yake, na yako imeinama kwa namna nyingine, ndiyo maana maneno yanasikika kama mtu amefunikwa blanketi. Weka alama ilipokuwa skurubu, kisha izungushe kidogo kidogo, isizidi robo mzunguko, huku ukisikiliza «s» na «sh». Zikikatika safi, umefika.

Chomeka waya kutoka tundu la kutolea sauti hadi kwenye kompyuta, rekodi faili la WAV (sauti isiyobanwa) la biti 24 na kilohezi 48, na sauti inapopanda juu kabisa isipite desibeli -6. Saa moja ya stereo hula takriban giga 1. Matangazo yale hayakuwa ya stereo, lakini rekodi chaneli zote mbili, ya kushoto na ya kulia, kisha uchague iliyo safi.

Kama Pwaguzi anaanza vizuri kisha sauti inazidi kuwa nyembamba na ya haraka, betri za redio iliyorekodi zilikuwa zinaisha siku ile. Mota ilipopunguza mwendo, utepe ulipita polepole. Leo ukipita kwa mwendo wake wa sentimita 4.76 kwa sekunde, maneno yanakimbia. Punguza kasi kwenye kompyuta kipande kwa kipande, kwa sababu betri hazikuisha kwa mpigo.

Kuondoa mvumo fanya kwenye nakala, tena kwa mkono mwepesi. Programu haijui kichekesho. Kaseti iliyorekodiwa kwa maikrofoni mbele ya spika ina jogoo wa jirani, sahani, na kicheko cha waliokaa kwenye mkeka, na vyote hivyo programu huvihesabu kuwa kelele.