Ameificha mikono yake

Nimetoka sasa hivi kumsomea binti wa kaka yangu sura ya tatu ya hadithi ninayoiandika. Ana miaka 10, rika lile lile ninaloliandikia.

Mhusika wangu ni msichana anayegundua kwamba akikasirika, vitu vinavunjika bila kuguswa.
Katika sura hii anamkasirikia mdogo wake. Kioo kinapasuka.

Nilidhani kioo ndicho kitakachomtisha binti wa kaka.

Alinyamaza. Kisha, polepole, akaingiza mikono yake chini ya blanketi.

"Shangazi, mama yake anajua?"

Bado, nikamwambia.

"Akijua, atampenda tu?"

Jamani, ile mikono!
Miezi yote hii nimehangaika na vivuli, giza na milango inayojifungua yenyewe. Kumbe mtoto anaweza kujiogopa mwenyewe kuliko mzimu wowote, hasa akiwa hana wa kumwambia.

Sura ya nne nimeifuta yote. Naianza upya usiku huu, na mama ataingia chumbani mapema.

Nanyi utotoni, mliwahi kuziogopa hasira zenu? Mlimwambia nani?
Niandikieni hapa, nitasoma kila jibu.