Nilivyoipima GPS ya boti iliyokuwa inaipa otopailoti data mbovu

Naandika hii kwa mafundi wenzangu wa umeme wa boti na pia manahodha, maanake hii shida nimeona watu wanaihangaikia kwa kubadilisha vitu tu, leo pampu ya usukani, kesho dira, kesho kutwa otopailoti nzima, pesa inaisha na boti bado inakwenda upande. Mi niko Mtwapa, pwani ya Kenya, kazi yangu ni vyombo vya boti, redio, GPS, fishfinda, na hizi otopailoti, mashine za kushika usukani zenyewe, ambazo sa hii boti nyingi za kupeleka wageni kuvua ziko nazo.

Boti yenyewe ilikuwa na GPS ya zamani kidogo, ya skrini, inatoa data kwa waya kwenda kwa otopailoti. Nahodha ni mtu mzima, bahari anaijua, si mtu wa kusema kitu asichokiona. Akaniambia hivi, "Fundi, hii mashine nikiishikisha dira peke yake inakwenda sawa kabisa. Nikiiambia ifuate njia ya GPS, inakwenda vizuri, inakwenda vizuri, mara inaanza kukata kushoto. Kushoto, kushoto, mpaka niitoe." Nikamuuliza, "Mzee, hiyo inatokea wakati gani?" Akafikiria. "Nikiongeza moto. Tukienda pole sikuiona."

Sasa kwa asiyejua hii pwani yetu, ukitoka Mtwapa unapanda Kilifi nchi iko kushoto kwako, na mwamba unafuatana na ufuo karibu njia nzima. Ikiwa ni kusi, upepo na mawimbi navyo vinakusukuma hukohuko. Kwa hiyo boti inayokata kushoto yenyewe wakati nahodha ameangalia nyuma wageni wanavuta samaki, hiyo si shida ndogo ya kusema tutaangalia wiki ijayo.

Yale maneno yake mawili yalinipunguzia kazi nusu. Otopailoti ikishika dira vizuri, maana yake pampu ni nzima, sensa ya usukani ni nzima, dira yake ni nzima. Kinachoongezeka ukiiambia ifuate njia ni kitu kimoja tu, data ya GPS. Basi mi sikufungua otopailoti hata skrubu moja, nikaenda moja kwa moja kwenye waya.

Hivi vyombo vinaongea lugha inaitwa NMEA 0183. Ni maandishi ya kawaida kabisa, unaweza kuyasoma kwa macho, mistari mifupi isiyozidi herufi 82, kila mstari unaanza na alama ya dola, mwendo wake 4800 baudi, yaani biti 4800 kwa sekunde. Mstari wa RMC una saa, latitudo, longitudo, kasi na uelekeo. RMB, XTE na APB ndo za otopailoti, zinasema umetoka kwenye mstari wa safari kwa kiasi gani na urudi upande gani. Kwenye RMC na RMB kuna herufi ya hali, A au V. A maana yake data ni ya kutegemea, V maana yake usiitegemee, na XTE na APB nazo zina A na V zake. Halafu mwisho kuna nyota na namba mbili za cheksamu, hizo ni za kuhakikisha mstari haukuharibika njiani.

Kitu kingine ambacho nimekuta mafundi wazuri wanakosea: ile L au R kwenye hiyo mistari haisemi umetoka kwenye mstari kwa upande gani, inasema pinda upande gani urudi. Umesukumwa kushoto ya mstari, waya lazima uandike R. Na GPS zingine kwenye skrini zinachora boti iko kushoto huku waya unasema R, mtu akiona hivo anasema data imegeuka, kumbe iko sawa kabisa.

Nikaanza na mita. Waya wa GPS nikauchomoa kwa otopailoti, nikapima umeme wake, nikaangalia kama nyaya zake mbili, zinaitwa A na B (si ile A ya hali), hazikugeuzwa, maanake zikigeuzwa unapata takataka tupu. Ziko sawa. Nikaweka adapta ya siriali ya USB kwenye laptopu, nikafungua programu ya kusoma, mistari ikaanza kushuka, safi. Nikaiacha irekodi muda mrefu boti imefungwa gatini, halafu nikapitisha faili kwa programu ndogo niliyoandika kwa Python, inahesabu cheksamu ya kila mstari na kuangalia kama saa ya RMC inaongezeka sekunde moja moja bila kuruka. Hakuna kosa. Hapo ndo watu wengi wanasimama wanasema GPS ni nzima. Lakini GPS iliyotulia gatini, anga wazi, betri imejaa, hiyo haina sababu ya kukosea, nahodha mwenyewe hajalalamika juu ya gati.

Kwa hiyo nikaanza kuibughudhi. Kwanza injini, nikawasha, nikapandisha, maanake altaneta mbovu inaweza kutia kelele kwenye waya mpaka herufi zikavurugika. Cheksamu zote sawa. Halafu redio ya VHF, nikabonyeza maiki kwa wati 25 huku narekodi, hiyo nayo nishaiona kwenye boti zingine inaharibu mistari kabisa, unaweza kuona otopailoti inatikisa usukani kila mtu akiongea redioni. Hapa hapana. Nikashusha umeme kidogo kidogo kwa pawasaplai mpaka volti 10 na kitu, GPS ikazima yenyewe bila kutoa uongo kabla ya kuzima. Vizuri.

Halafu nikachomoa antena. Ikapiga mlio, na kwenye laptopu A ikageuka V baada ya sekunde chache. Vilevile inavyotakiwa. Ningeishia hapo ningempa nahodha GPS yake nikamwambia ni nzima, lakini kuna jambo: hizi antena zina amplifaya ndani, ya kukuza ishara, inakula umeme kupitia kebo ileile, ukichomoa GPS inaona umeme hauliwi inajua antena haipo. Baharini hakuna anayechomoa antena. Baharini umeme unabaki, ishara ya satelaiti ndo inapotea.

Nikachukua sufuria. Sufuria ya kawaida ya alumini, ya kupikia, nikaifunika juu ya antena na chini nikazungushia foili ya jikoni, maanake ishara inaingia hata kutoka pembeni. Satelaiti zikapotea zote, kwenye ukurasa wa satelaiti unaona vile vipau vinashuka kimoja kimoja mpaka hakuna. Na kwenye laptopu mistari inaendelea kushuka kila sekunde, imetulia, cheksamu sawa, na herufi ni A. Nikangoja. A. Nikaangalia saa kwenye RMC, imeandikwa 051422, yaani saa mbili na dakika 14 asubuhi kwa saa zetu, mstari unaofuata 051422, unaofuata 051422. Saa imesimama! Hii GPS ilikuwa inarudia mstari wa mwisho iliokuwa nao, na kuupigia muhuri kwamba ni wa kutegemea.

Nilitaka nione ikiwa inatembea inakuwaje, na sikutaka kujaribu karibu na mwamba. Tukaweka GPS, betri ya volti 12 na antena kwenye pikapu ya rafiki yangu, nikatengeneza njia ya mstari mmoja kufuata barabara ya Malindi, tukaelekea Kikambala. Hii njia ya kupima barabarani naipenda sana, barabara ikipinda kutoka kwenye mstari wako unaona XTE, ule umbali wa kutoka kwenye mstari, inaongezeka na L na R zinabadilika, unaweza kulinganisha na macho yako, na hakuna mtu anazama. Kila kitu kikawa sawa. Halafu sufuria. Wakati naifunika mstari ulikuwa unasema 0.04, L, yaani pinda kushoto, umetoka maili ya bahari 0.04 ambayo ni kama mita 74. Tukapita maduka, tukapita stendi ya matatu, barabara ikapinda na kunyooka, na waya bado unasema 0.04, L, A.

Hapo nikaelewa ule ukataji wa kushoto wote. Otopailoti inaambiwa uko mita 74 kulia ya njia, pinda kushoto. Inapinda. Inaangalia tena, bado 74. Inaongeza. Bado 74. Yenyewe haina makosa, inafanya kazi yake vizuri kabisa, inajaribu kufuta kosa ambalo halitafutika kwa sababu namba imekufa. Na kama bahati namba ingekuwa 0.00 wakati wa kuganda, nahodha asingeona chochote, boti ingekwenda kwa uelekeo wa mwisho tu ikisukumwa na mkondo pole pole, na hiyo naona ndo mbaya zaidi.

Jambo kama hili lishaiingiza meli kubwa matatani. Tarehe 10 Juni 1995 meli ya abiria Royal Majesty ilikwama kwenye fungu karibu na kisiwa cha Nantucket, Marekani, ikitoka Bermuda kwenda Boston na watu zaidi ya 1,500. Kebo ya antena ya GPS ilikuwa imechomoka muda mfupi tu baada ya kung'oa nanga. GPS ikaingia kwenye kukisia kwa mwendo na uelekeo, ikaandika hivyo kwa herufi ndogo kwenye skrini na kutoa ishara kwamba data haifai, lakini mfumo wa otopailoti haukuwa unaiangalia ile ishara. Kwa saa 34 hivi meli ikaendeshwa kwa kukisia, ilipokwama ilikuwa nje ya njia yake kwa maili kama 17. Hakuna aliyeumia. Pale GPS ilisema na otopailoti haikusikia, kwangu otopailoti ilikuwa tayari kusikia ila GPS haikusema. Kwa hiyo lazima upime pande zote mbili, na mi baada ya hapo nikaipelekea otopailoti mistari ya V kutoka kwenye laptopu nione itafanya nini. Ikapiga kelele ikarudi kushika dira. Nzima.

Sasa kwa nini ishara ilikuwa inapotea ukiongeza moto. Nikafuata kebo ya antena mpaka juu, nikafungua koneka. Ile nyavu ya shaba ya nje imekuwa kijani, nyuzi nyingi zimekatika, zimebaki chache za kupitisha umeme wa amplifaya. Injini ikitetemesha boti ishara inakatika na umeme bado unapita, GPS inaona antena iko. Nikakata kipande chote chenye chumvi, nikaweka koneka mpya na ile tepu ya kujishika yenyewe. Kama ulishafanya kazi Pwani unajua, hapa koneka bila tepu haina maisha.

Lakini kebo kuwa mpya hakuitibu GPS yenyewe, siku ishara ikikatika tena itadanganya tena. Nikaazima nyingine ya modeli ileile kwa boti jirani, nikaifunika sufuria ileile, ikatoa V bila shida. Tofauti ni namba ya programu ya ndani, ile ya jirani ni mpya zaidi. Ya kwetu haikuweza kusasishwa hapa, inataka irudishwe, na msimu ulikuwa umeanza. Kwa hiyo nikatengeneza kiboksi kidogo cha kukaa katikati ya waya, kimikrokontrola, yaani kompyuta ndogo ya chipu moja, na optokapla, ya kupitisha data kwa mwanga, kwenye mlango wa kuingia ili umeme wa vyombo viwili usichanganyike. Kazi yake: kinasoma RMC, saa ikirudia ileile zaidi ya sekunde 3, au cheksamu ikikosa, au V ikitokea, kinafunga mlango kabisa. Otopailoti ikikosa data inapiga kelele yenyewe. Sikukiruhusu kibadilishe hata herufi moja ndani ya mistari, kinakata tu. Kifaa cha kati kikianza kuandika namba zake hapo umeongeza muongo wa pili kwenye waya.

Vitu viwili nimeongeza kwenye kupima kwangu tangu hapo. Moja, hali ya onyesho, ile mtu anawasha dukani kufundishia mteja. GPS zingine za zamani zikiwa kwenye hiyo hali zinatoa kwenye waya safari ya uongo na A juu yake, zile za NMEA 0183 toleo 2.3 kwenda juu zina herufi ya ziada ambayo hapo inatakiwa iwe S, yaani data ya kuigiza. Pili, tarehe. Namba ya wiki ya GPS inarudi sifuri kila wiki 1024, na ilirudi usiku wa tarehe 6 Aprili 2019, kwa hiyo GPS ya zamani inaweza kukuonyesha tarehe ya miaka karibu 20 nyuma wakati mahali ulipo ni sahihi. Ukiona hivo usiitupe, ila angalia kama chombo chochote kwenye boti kinatumia hiyo tarehe.

Nahodha nilimtoa nje mwenyewe, mbali na mwamba, maji mengi, yeye mkono kwenye usukani. Otopailoti ikafuata njia, nikafunika sufuria, kelele ikalia kabla sijamaliza kuzungusha foili. Akasema, "Sasa hivi ndo inaniambia."

Kama una GPS ya zamani inayoongoza otopailoti, fanya hivihivi ukiwa gatini kwanza: sufuria, foili, laptopu, na macho kwenye ile saa ya RMC. Ukikuta saa imesimama na A bado iko, chomoa huo waya kwenye otopailoti, tumia dira peke yake mpaka irekebishwe.